Karata ya Tatu Kushoto

Tk. Hiyo ndiyo sauti iliyombakia Bi Mkasi kutoka utotoni: kastabini ya mama yake, ile kofia ndogo ya chuma inayokinga kidole na sindano, ikigonga uso wa karata kabla karata haijahama. Mama alikuwa fundi cherehani, na binti zake wawili walikuwa na midomo isiyojua kupumzika. Ili apate kushona kwa amani, akawafundisha mchezo wa foleni.

Sasa binti mkubwa naye ni fundi, mtu mzima mwenye miwani, katika chumba cha ghorofani kinachonukia chaki na nguo zilizotoka kwenye pasi. Wateja walimbandika jina la Bi Mkasi kwa sababu ya ulimi wake, si kwa sababu ya kazi. Kila mchana, shughuli zikipoa, huifuta meza ya kukatia kwa kiganja, akachanganya karata.

Foleni huchezwa na mtu mmoja. Unafungua karata moja baada ya nyingine, unazipanga mstari mmoja kutoka kushoto kwenda kulia. Karata inaruhusiwa kumpanda jirani yake wa kushoto, au yule wa tatu kushoto kwa kuwaruka wawili wa katikati, mradi zifanane: ama aina, kopa kwa kopa, pau kwa pau, ama namba. Ikihama, inahama na zote zilizo chini yake, pengo linazibwa, foleni inafupika. Pakiti ikiisha mkononi na mezani pakabaki fungu moja tu, umeshinda. Kwa maneno, ni mchezo wa kitoto. Kwa mikono, una ukaidi wa nyumbu. Mama yao alishinda mara moja maishani, na siku hiyo alitoka nje akaita majirani.

Ndiyo maana Bi Mkasi aliufanya kiapo. Mama alipofariki, mdogo wake aligawa cherehani ya marehemu bila kumuuliza mtu, ikaondoka juu ya mkokoteni wa mgeni. Bi Mkasi alifika na kamba na blanketi ya kuifungia, akakuta sakafuni alama za miguu ya cherehani tu. Hakupiga kelele. Alisema, "Nitakusemesha siku foleni yangu itakapoisha," akafunga mlango taratibu. Huu ulikuwa mwaka wa saba.

Mchana huo nusu ya karata zilikuwa zimeshapangwa mlango uliposukumwa, akaingia binti wa mdogo wake, kifua kikipanda na kushuka.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Mbona unahema kama umefukuzwa?"

"Mama amelazwa. Kesho asubuhi anapasuliwa. Ni moyo."

"Moyo gani?" aliuliza Bi Mkasi, kana kwamba mtu huzaliwa na mioyo kadhaa ya kuchagua. Kisha akakaa juu ya rundo la suruali za wateja.

"Daktari anasema wengi huamka," binti alisema. "Hakusema wote."

"Na mama yako kasemaje? Kasema niende?"

"Hajasema hivyo. Ameuliza tu, 'Foleni ya dada imeisha?'"

Kwenye kona, mpiga pasi, mzee mcheshi ambaye duka zima lilimwita Pasi, aliacha kuimba.

"Bi Mkasi, teremka uende. Duka nitalifunga mimi."

"Niliapa."

"Uliapa kwa hasira. Hasira zenyewe zimeshastaafu, wewe bado unazipeleka kazini."

"Wewe Pasi, chunga hiyo suruali. Unaiunguza."

Kweli, moshi ulikuwa umeanza kupanda. Pasi alinyanyua pasi huku akilaani, na Bi Mkasi akarudi mezani. Lingine la kufanya hakulijua. Akafungua tisa ya pau. Jirani yake wa kushoto alikuwa tisa ya uru. Akaishika tisa ya pau ili imkalie jirani.

"Ngoja," Pasi alisema, akisogea. "Na ile kumi ya pau? Si ndiyo ya tatu kushoto? Mbona huruki?"

"Nacheza ninavyotaka."

"Hujawahi kuruka, Bi Mkasi. Hata siku moja. Mimi nakutazama kila mchana: jirani, jirani, jirani, halafu unasema imegoma. Nilidhani ni macho. Lakini jicho linaloona uzi uliokosea njia kwenye koti jeusi, linashindwaje kuiona kumi ya pau?"

Bi Mkasi alifungua mdomo amkate kama kawaida yake. Badala yake akaitazama tisa ya pau iliyoning'inia mkononi. Usikimbilie jirani, mama alikuwa akiwaambia, mtazame wa tatu. Mdogo wake ndiye aliyekuwa bingwa wa kuruka. Bi Mkasi alimwonea wivu. Hakuwa amesahau. Alikuwa akimwona huyo wa tatu kila siku, na kila siku mkono wake ulipita kando, foleni isije ikaisha, kama mtu anayevuka barabara ili asimsalimie aliyemkosea. Aliutazama mkono huo kana kwamba ni wa mwizi aliyekamatwa ndani ya nyumba yake.

Akairusha karata kwa wa tatu.

Foleni ikaanza kujikunja kwa namna ambayo meza ile haikuwahi kuiona. Kopa zikaruka, uru zikafuata. Pasi aliganda hapo na pasi mkononi. Binti alijishika mashavu. Karata ya mwisho ikafunguliwa, ikapanda, fungu zima likahama nayo, na mezani yakabaki mafungu mawili.

Kushoto, mfalme wa shupaza. Kulia, tatu ya kopa.

Walitazama. Hazikufanana aina wala namba.

"Changanya tena," Pasi alisema kwa sauti ya chini. "Haraka, changanya."

Huyu ni mwanamke aliyewahi kufumua mkono mzima wa koti kwa sababu ya mshono mmoja uliopinda. Aliwahi kumfukuza mteja aliyechungulia karata ya chini. Alifungua droo, akatoa kastabini ya mama yake, akaivaa kidoleni. Tk. Kisha akalinyanyua fungu la tatu ya kopa, akaliweka juu ya mfalme wa shupaza, akalinganisha kingo zake kwa vidole.

"Bi Mkasi!" Pasi alibaki mdomo wazi. "Umeiba! Wewe?"

"Fungia mdomo wako humo humo kwenye hiyo pasi. Mwanangu, nipigie mama yako."

Simu iliita kwa muda mrefu. Bi Mkasi aligeukia ukutani, akaingiza uso kati ya makoti yaliyotundikwa, ili mtu asimwone. Upande wa pili sauti ilikuja nyembamba, kama uzi unaotafuta tundu la sindano.

"Dada?"

Nyuma yake Pasi alishusha pasi polepole, isilie.

"Imeisha, mdogo wangu," alinong'ona. "Foleni imeisha. Nakuja."