Mtamba wa Mama Kabula

Mimi ndiye mwalimu niliyepewa kazi ya kuwatunza wafadhili wa shule yetu hapa Igoma, na nakiri sistahili kukabidhiwa hata kuku.

Mama Kabula, mfugaji wa Kisesa, hajawahi kukaa darasani, lakini madawati yote ya darasa la kwanza katununulia yeye. Juzi akatutumia mtamba mnene na ujumbe mfupi: "Ni wa watoto." Sikumpigia simu hata kumshukuru, nilitaka kumshangaza. Nikaandaa sherehe ya kumpongeza, nikaagiza ng'ombe achinjwe, watoto wapikiwe pilau.

Siku ya sherehe Mama akafika na ndoo mpya mkononi. Nikamwamkia shikamoo, nikamtengea maini, kama mgeni wa heshima.

"Marahaba, mwalimu. Chakula baadaye. Kwanza nionyeshe mtamba wangu. Ndoo ya kumkamulia hii hapa, akizaa watoto wanywe maziwa."

Wapishi wakainamisha vichwa. Mimi nikaitazama sahani. Naye akaitazama, akanitazama, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Kula, mwalimu. Kesho naleta mwingine, ila nitawakabidhi watoto wenyewe. Wewe hata kamba usiishike."