Nilimsikia mume wangu redioni baada ya bomu, leo ameletwa nimtunze

Habari admin na wote mnaosoma. Naomba jina langu lifichwe, maana huku Hanang tunafahamiana. Mimi ni mama wa miaka hamsini na nne, mkulima wa mahindi na maharage huku Endasak. Nina watoto wawili, wakubwa sasa.

Niliolewa kanisani nikiwa binti mdogo. Enzi hizo tulikuwa bado mkoa wa Arusha, na vijana wengi walikimbilia Dar kwa sababu makampuni binafsi yalikuwa yanafunguliwa. Mume wangu naye akaenda, akapata kazi ya ulinzi. Mwanzoni alikuja kila Krismasi. Baadaye akawa anasema likizo hazitoki.

Ndipo magaidi wakalipua bomu jijini, jirani kabisa na jengo alilokuwa analinda. Tulizisikia habari hizo kwenye redio ya taifa, nyumbani kwa mama mkwe. Shemeji yangu alikwenda mjini Katesh kupiga simu kazini kwake, haikupokelewa. Tangu hapo sikuondoka kwenye ile redio. Mtangazaji alielezea vifusi, damu, ndugu waliojaa kwenye mageti ya hospitali. Yakisomwa majina ya waliokufa nilikuwa nasogeza sikio kwenye redio. Majirani walikuja kukaa na mimi, mchungaji akamwombea ibadani, na mimi moyoni nikawa nimeshaanza kuwa mjane.

Siku moja, watu wakiwa wamejaa pale nyumbani, mtangazaji akasema yuko wodini na majeruhi mmoja aliyeumizwa macho na vioo. Yule mtu alipofungua mdomo nilimjua kabla hajataja jina. Nilipiga magoti nikamshukuru Mungu. Wenzangu walinishika mikono wakilia kwa furaha.

Mtangazaji akamuuliza, "Na huyu mama anayekulisha ni nani?"

Akajibu, "Huyu ni mke wangu. Tangu nimeletwa hapa hajaondoka. Mtoto wetu yuko salama nyumbani, namshukuru Mungu."

Mama mkwe akanyoosha mkono, akazima redio. Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti. Nikamgeukia, nikidhani naye ameshtuka kama mimi, lakini yeye alikuwa anaangalia chini.

Akaniambia taratibu, "Alisema atakuja akwambie mwenyewe."

Ndugu zangu, kumbe alikuwa anajua. Siku zote zile nililia begani kwake.

Mume wangu hakuja, wala hakutuma salamu. Na sikuwa na mahali pa kupeleka uchungu wangu, kwa sababu nchi nzima ilikuwa inawaonea huruma majeruhi wa bomu. Nilipolalamika, mchungaji alinijibu kwamba mume wangu amepoteza macho, nishukuru yuko hai. Yule mwanamke wa Dar na mimi tulimwombea mtu mmoja, yeye akampata, mimi nikapata aibu ya kijiji kizima. Nikarudi kwetu na wanangu, nikalima mashamba ya watu mpaka nikanunua langu. Nyumba ninayokaa niliijenga mwenyewe.

Mwaka jana yule mwanamke alifariki. Mtoto wao akamtafuta mwanangu wa kiume, wakaelewana huko bila kuniuliza, na mwezi uliopita wakamshusha baba yao mlangoni kwangu. Ni mzee, haoni kabisa. Mwanangu akaniambia, "Mama, huyu ni baba yangu. Unataka nimpeleke wapi?" Ana chumba kimoja cha kupanga mjini na mke mjamzito. Wazee wa kanisa nao wamekuja, wanasema ndoa yetu haijawahi kuvunjwa.

Basi nampikia. Namwongoza kwenda chooni. Jirani zangu wananisifu kwamba nina moyo, na kila wakinisifu natamani kuwafukuza. Juzi nikampa uji, akashika mkono wangu, akasema, "Nilijua wewe ni mtu wa huruma." Kisha akanywa uji wake, akaomba uongezwe sukari.

Nikimtoa, wanangu watanichukia na kijiji kitasema nimetupa kipofu. Nikikaa naye, nahisi nitakufa na hasira. Nishaurini jamani, nifanyeje? Na wale mtakaoniambia nisamehe, naomba mnieleze nimsamehe vipi mtu ambaye mpaka leo hajaniomba msamaha.