Mama Tumpe na miche ya chai iliyoungua

Jamani, leo somo la barafu nusura livunje darasa langu!

Nafundisha elimu ya watu wazima katika kijiji chetu cha ujamaa, milimani juu ya mto Kiwira. Leo nilianza na barafu ya Kilimanjaro, nikafika kwenye umande unaoganda alfajiri.

"Maji yakiganda ndani ya jani yanatanuka, yanalipasua. Jua likitoka, jani linakuwa jeusi kama limeunguzwa."

Mama Tumpe akasimama.

"Mwalimu, rudia hapo. Mwenyekiti asikie."



Mwenyekiti wa kijiji naye ni mwanafunzi wangu, anakaa dawati la mbele. Juzi alimfukuza mama huyu kwenye shamba la chai la kijiji, eti ameunguza miche kwa majivu ya moto.

Nikarudia neno kwa neno. (Mwenyekiti akikasirika, kijiji kizima kinajua!)

Mwenyekiti akauliza taratibu, "Kwa hiyo ile ni baridi tu?"

"Ni baridi, Mwenyekiti."

Akamgeukia Mama Tumpe. "Mama, nilikukosea. Kesho rudi shambani."

"Ndaga, asante," akajibu. Kisha akaketi, akaangua kilio.

Nyinyi mngefanyaje? Mimi niliweka chaki chini, nikaenda kukaa naye.