Ngoro za Mwisho Mlimani

Redioni wanabishana kuhusu mtambo wa umeme wa nyuklia. Mmoja anasema ukilipuka, watu watahamishwa na udongo wao hautaguswa tena. Mwenzake anamjibu, "Si watajengewa kwingine? Tatizo liko wapi?" Mjukuu wangu anaitikia kwa kichwa kama mjusi. Mimi siwasikilizi tena, maana mvua imelowesha nyasi zilizofyekwa uani, na harufu yake imenipeleka mbali.

Nilikuwa mtoto. Tuliamriwa tuhame mlimani, tushuke kijiji kipya huku ziwani, na mizigo ilishafungwa. Mama akachukua jembe akaenda shambani, nami nyuma yake. Akalaza nyasi kwa miraba, akachimba katikati, akazifukia kwa udongo, kama tulivyotengeneza ngoro, mashimo yetu ya kulimia mteremkoni, miaka yote. Udongo ulikuwa mweusi, baridi miguuni.

"Mama, si tunahama?"

"Tunahama. Kwani shamba limekosa nini?"

Shangazi akapita na mzigo kichwani, akacheka. "Wifi, unamlimia nani?"

Mama akainamia jembe. Alipanda maharage mpaka tuta la mwisho, akanawa, akanibeba mgongoni ingawa nilishakuwa mkubwa. Njia nzima hakugeuka.

Maharage yale hatukuyaona yakichanua.