Sindano ya Upande wa Pili

Kabla sijamgusia shemeji yangu, ijulikane kwamba mimi ndiye niliyemtafutia dada yangu mume huyo. Wenyewe walikuwa wanasema walikutana kwenye foleni ya mkate, lakini nani alimtuma dada kununua mkate asubuhi ile? Mimi. Kwa hiyo mazuri yote ya ndoa ile nishukuriwe mimi, na mabaya muulizeni yeye.

Shemeji alikuwa mwoka mikate. Alitoka nyumbani majogoo wamelala, akarudi mchana ananukia hamira, unga umemkaa kwenye nyusi. Mrefu, mpole, maneno yake yanatoka kwa kijiko cha chai. Siku moja mashine ya kukanda unga ikamshika mkono wa kushoto. Madaktari waliviokoa vidole, ila nguvu haikurudi. Ukabaki mkono wa kushikia kikombe, tena kikombe chenyewe kisijae. Kiwanda kikampa kiinua mgongo na saa ya ukutani, kikamwambia akapumzike.

Kupumzika nusura kumuue. Akawa anazunguka ndani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Akaingia jikoni kwa dada yangu akapanga vijiko kwa urefu, kesho yake akavipanga kwa uzito. Dada akanijia na malalamiko. Akasema, "Kaka, nikimwacha huyu mtu hivi, na mimi atanipanga kabatini."

Muuguzi aliyekuwa anamchua mkono ndiye aliyemshauri atafute kitu laini chenye ubishi, akiminye kutwa. Nyumbani kulikuwa na kochi bovu. Dada akakata kipande cha ngozi mgongoni mwa kochi hilo akampa. Shemeji akakiminya, akakinusa, akakikunja, akakikunjua, na haukupita muda kile kipande kikageuka kishikio cha funguo. Kilikuwa kibaya mno, kama sikio la mbwa mzee. Lakini alikitazama kama mtu aliyepata mtoto, na nyumba ikapumua.

Tangu hapo mtaa ukamwita Bwana Vipande, kwa kuwa hakuwahi kununua ngozi nzima. Alikuwa mtu wa mabaki. Fundi makochi wa barabara ya juu alimwekea gunia nyuma ya mlango. Mlinzi wa kiwanda cha viatu alimpigia mbinja vipande vyeusi vikitupwa geti la nyuma. Na sokoni kulikuwa na mama mmoja muuza ngozi ambaye hakukuuzia mpaka unuse. Ukikunja pua, anakuelekeza kwa wauza plastiki. Shemeji hakukunja pua. Wakaelewana yeye na yule mama kama watu waliosoma darasa moja.

Mimi nami nilichangia, tena kwa kishindo. Nilimletea jora zima la ngozi nyekundu, inang'aa, niliyoipata kwa ujanja wangu ambao si kila mtu anao. Shemeji aliinusa kwanza. Alichukua kiberiti akaunguza pembe moja. Ngozi ya kweli ikiungua hunuka nywele. Ile yangu ilinuka beseni la plastiki, halafu ikaanza kudondoka matone.

"Shemeji," akaniambia, "ng'ombe wako huyu alikuwa anakula ndoo."

Dada alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Mpaka leo nasema nilikuwa nampima ujuzi wake.

Vifaa vyake alivitengeneza mwenyewe. Kisu kilikuwa cha kukatia unga, amekinoa kikawa chembamba kama jani la mpunga. Kwa kutobolea alichukua uma wa dada yangu, wa ile seti ya wageni, akayanoa meno yake. Akiuweka juu ya ngozi na kuugonga kwa nyundo ya mbao, yanatoka matundu yaliyopangana kama askari. Mbano aliutengeneza kwa miguu ya kiti kilichovunjika, mbao mbili unazoziweka katikati ya magoti zikakushikia kazi. Na kipande cha nta, cha kupaka uzi, kilikaa kwenye kopo la majani ya chai. Ukipika chai nyumba ile, ujue utakunywa na nyuki kidogo.

Tatizo lilikuwa kushona. Ngozi ukiishona kwa mkono, uzi ni mmoja na sindano ni mbili, moja kila ncha. Sindano ya kulia inapita kwenye tundu, ya kushoto inarudi kwenye tundu lilelile, kisha mikono yote miwili inavuta kwa pamoja. Uzi ukija kukatika upande mmoja, upande wa pili bado unashika. Ndiyo maana kazi ya mkono haifumuki ovyo. Lakini sasa shemeji mkono alikuwa nao mmoja. Alijaribu kushika sindano ya pili kwa meno, nikamwambia anafanana na mbuzi aliyekamatwa na wavu.

Dada akaleta kiti chake. Akakaa mbele yake, magoti kwa magoti, mbano katikati. Akachukua sindano ya upande wa pili.

Nimeona ndoa nyingi, na nyingine nimezivuruga kwa ushauri wangu, lakini sikuona kitu kama wale wawili mchana, baada ya vyombo kuoshwa. Sindano yake inaingia, ya mwenzake inatoka, wanavuta pamoja. Waligombana humohumo bila kusimamisha uzi. Shemeji alimwambia avute taratibu, dada akamjibu kwamba akitaka taratibu akashone na konokono. Alikuwa na mkono mzito, dada yangu. Siku zote alizidisha kuvuta, na kwa hiyo kila kazi iliyotoka nyumba ile ilikuwa na sura mbili: upande wa shemeji mishono imekaa juu, imelala sawasawa, upande wa dada imezama ndani ya ngozi na kupinda kidogo, kama mtu anayelala ubavu. Ungenifunga kitambaa machoni, ningekuonyesha kwa kidole upande upi ni wa nani.

Walitengeneza mifuko ya miwani, ala za visu, ukosi wa mbwa wa jirani. Mimi walinitengenezea mkanda. Kumbe ilikuwa ngozi ya tumbo la ng'ombe, na ngozi ya tumbo hurefuka ikivaliwa. Nikawa naongeza tundu kila mara, najisifu kwamba nimepungua. Dada ndiye aliyenifungua macho. Alisema ngozi ya tumbo imekutana na tumbo, zimeamua kustarehe.

Walikuwa na binti mmoja, mpwa wangu, ualimu amesomea kwa jasho. Alipopangiwa shule katika mji wa mbali, wazee wake wakaamua kumshonea mfuko wa kubebea madaftari. Wakachagua mabaki yenye historia: kahawia ya lile kochi bovu, nyeusi ya kiwanda cha viatu, kipande cha begi lake la darasa la kwanza, na kwenye mfuniko wakaweka kile kishikio cha funguo, sikio la mbwa lenyewe. Wakaunganisha vipande kimoja kimoja. Ikabaki kuzungusha mshono mkubwa wa pembeni, ule unaobeba mzigo wote.

Walipoanza mshono huo, dada akaanza kukohoa.

Mwanzoni tuliita mafua. Kisha tukaita vumbi la ngozi, shemeji akatoa magunia yote nje. Hospitali wakauita ugonjwa kwa jina lake, na jina hilo sina haja ya kuliandika. Binti akaomba shule imsubiri. Dada akashonea kitandani, mito mgongoni, shemeji kwenye kiti pembeni, mbano umeegemea godoro. Nguvu zilimtoka kila mahali isipokuwa kwenye kuvuta. Walifika nusu ya mfuko. Mchana mmoja akaachia sindano ikaning'inia, akamwambia mumewe, "Usiitoe. Nikipata nafuu tutaanzia hapo hapo."

Hakupata nafuu.

Baada ya mazishi watu walitawanyika kama kawaida ya watu. Mbano ukarudishwa sebuleni, na mfuko ndani yake, sindano moja huku, nyingine kule. Kila mchana shemeji alikaa mahali pake, akatazama kiti cha mbele yake. Hakushona wala hakulia. Nilimletea vichekesho vyangu bora, vile ninavyoviweka kwa ajili ya harusi, vikaanguka sakafuni vyote. Alikuwa anaitazama sindano ile kama mtu anayesubiri mwenziwe arudi kutoka dukani.

Binti aliona, na siku ya kuripoti shuleni ilikuwa imekaribia. Alinivuta jikoni. Akaniambia, "Mjomba, nikimwacha na kitu hiki mbele yake, atakaa hapo mpaka akauke. Nikiubeba haujaisha, nitakuwa nimemnyang'anya. Naona uishe tu, apate kuuona umeisha."

Alikuwa anasema kweli. Hata mimi, mwenye akili za ziada, sikuona kosa. Shemeji alipoenda kliniki kwa ajili ya mkono wake, binti akautoa mfuko kwenye mbano, akaupeleka kwa fundi viatu wa kona.

Fundi yule ni mtu mwema. Alimjua dada, alikuja mazikoni, na alikataa kabisa kupokea malipo. Aliifanya kazi ile kama anamfanyia mama yake. Na mafundi wana desturi yao: fundi haendelezi mshono wa mwenzake. Mshono ukija kufumuka, nani atajua ulifumuka kwa nani? Lawama itamwendea wa mwisho kuushika. Kwa hiyo alifanya kama anavyofanya fundi yeyote mwenye heshima yake. Alichukua wembe, akakata mishono yote ya zamani, mmoja baada ya mwingine, akaitoa. Kisha akapitisha mfuko kwenye cherehani, kuzunguka kote, mshono mmoja ulionyooka kama rula.

Nilikuwepo binti alipomwekea baba yake mapajani. Ulikuwa mfuko mzuri kweli. Shemeji aliugeuza polepole. Akaufungua, akaufunga, akasema, "Umeshonwa vizuri." Halafu kidole gumba chake kikaenda pembeni, upande ule aliokuwa anakaa dada, kikasimama. Pembeni mwa mshono wa cherehani palikuwa na safu ya matundu matupu, yale ya uma. Ngozi si nguo, huwezi kuipiga pasi ikasahau. Tundu la ngozi halizibiki.

"Uzi wa mama yako uko wapi?" akauliza.

Aliuliza kwa upole, kama anauliza chumvi iko wapi. Binti akafungua mdomo amjibu, akaona kidole kilipo, akaifuata safu ile kwa macho hadi mwisho. Nilishuhudia mtoto yule akielewa. Sipendi kushuhudia tena kitu kama hicho.

Nikatoka na hasira zangu kwenda kwa fundi. Mimi nina ulimi. Watu wazima wamehama mitaa kwa ajili yake. Njiani niliupanga na kuunoa. Nikamkuta anakunja mkeka wake wa kazi, akaniuliza kabla sijakaa, "Mzee, shemeji ameupenda?" Nikamwuliza tu kuhusu uzi. Akasema amefagia asubuhi na gari la taka limeshapita. Akauliza kama palikuwa na kosa. Nikamwambia hapana, akanisindikiza mpaka barabarani akinipa pole ya dada. Nikarudi na ulimi wangu kama nilivyoondoka nao, haujatumika.

Siku ya safari, binti alikuwa ameshafunga sanduku. Macho yamemvimba. Alisema mfuko hataubeba, hastahili. Shemeji hakubishana. Alienda kuketi mahali pake, akaubana mfuko kwenye mbano, akapaka uzi nta, akatunga sindano mbili. Moja akaishika. Nyingine akaielekeza kwenye kiti cha mbele.

"Kaa," akasema. "Tutapita kwenye matundu yake."

Binti akakaa kwenye kiti cha mama yake, magoti kwa magoti. Sindano ikaingia, nyingine ikatoka. Shemeji akasema vuta, akavuta. Mshono wa kwanza ukakaa. Wa pili ukakaa, na nitaapa popote mnaponipeleka: ulizama ndani na kulala ubavu. Mkono ule ulikuwa wa dada yangu mtupu. Shemeji naye aliuona, kwa sababu aliinamisha kichwa akaupitia kwa kidole gumba.

Kwenye mshono uliofuata tukasikia mlio mdogo, kama biskuti inayovunjika kinywani. Kati ya matundu ya uma na matundu ya cherehani ngozi ilikuwa imebaki nyembamba mno, imetobolewa mara mbili kama ukingo wa stempu. Ufa ulikuwa umeanza.

Binti alitaka kuendelea. Alisema, "Baba, kidogo tu," kwa sauti ya mtoto. Shemeji akamshika mkono kwa mkono wake mbovu, ule wa kikombe.

"Tuache hapo, mwanangu. Ukipasuka hutabaki na mfuko kabisa."

Akafunga fundo, akakata uzi. Binti akaondoka na mfuko begani, mshono wa fundi ukibeba mzigo wote, na pembeni mishono ile michache isiyobeba chochote.

Tukabaki wazee wawili. Nyumbani ilikuwa inasikika saa ya ukutani peke yake. Sasa mimi si mtu wa kuogopa kitu. Nikaenda nikakaa kwenye kiti cha dada, nikaokota kipande cheusi cha ngozi na ile sindano ya upande wa pili, nikamwambia shemeji kwamba vidole vyangu vimesifiwa na watu wa maana, alete kazi. Nilisubiri anidhihaki. Nilitaka sana anidhihaki. Aseme hata kuhusu ng'ombe na ndoo.

Alinitazama, tena kwa wema. Akanyoosha mkono, akaitoa sindano vidoleni mwangu taratibu, akaichoma kwenye nta ndani ya kopo.

"Si leo, shemeji," akasema.

Naenda kwake kila mchana, baada ya vyombo. Namkuta anaminya kipande kilekile cheusi, kama muuguzi alivyomwagiza. Nakaa kwenye kiti kile, naongea upuuzi wangu, na sindano iko pale kwenye kopo, imesimama. Siku nyingine mkono wake unaelekea kwenye kopo. Nanyamaza, na mnijuavyo, kwangu kunyamaza si jambo dogo. Kisha mkono unachukua majani ya chai humohumo, kando ya nta, na tunakunywa chai.