Kidole Kimoja cha Udongo

Kabla ya kazi ya majani, Goretti alisafisha ofisi usiku, miaka mingi, katika majengo marefu ya katikati ya jiji. Alitoka nyumbani, mtaa wa Newtown, mtoto akiwa mezani, akarudi mtoto akivaa viatu vya shule. Jeannine alikua hivyo, mlangoni. Siku moja Goretti aligundua kuwa binti yake amekuwa mrefu kumshinda, wala hakujua alimpita lini. Ndipo akaanza kuuliza watu kanisani kama kuna kazi ya mchana, yoyote ile, hata ya matope.

Ya matope ikapatikana. Ukishaipita Great Barr, ukingoni mwa jiji, nyumba zinakatika na mashamba yanaanza, na huko mwanamke aitwaye Audrey alikuwa na matrekta mawili, akiwapandia wafugaji majani ya ng'ombe. Alimchukua Goretti mwezi wa nane kwa majaribio. Msimu ukienda vizuri, atabaki. Ukienda vibaya, atarudi kwenye ndoo na usiku wake. Audrey hakulisema hilo kwa ukali. Alilisema huku akijifuta mafuta ya mashine mikononi, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Dereva wa trekta alikuwa Billow, Msomali aliyekulia Garissa, akapitia Uholanzi, sasa anaishi mtaa wa Alum Rock. Kiswahili chake kilikuwa cha Kenya na cha Goretti kilikuwa cha kwao Masisi. Walipokwama, walimalizia kwa Kiingereza.

Shamba la kwanza walilopewa wawili peke yao lilikuwa la mteremko. Udongo ulikuwa umekwisha kulimwa na kusawazishwa, laini kama unga wa muhogo. Nyuma ya trekta walifunga mashine ya kupandia: sanduku refu la mbegu, chini yake safu ya visahani vya chuma vinavyokata mifereji, na mirija inayodondosha mbegu humo. Kila upande una mpini wa kuzungusha. Ukizungusha kulia visahani vinazama, kushoto vinapanda. Goretti alijaza sanduku, akazikoroga mbegu kwa mkono, maana za klova, zilizochanganywa na za majani, ni ndogo na mtikisiko huzipeleka chini. Kisha ilibaki kupima kina.

"Kina kidole kimoja, Mama Jeannine," Billow alisema kutoka juu. "Usizidishe."

"Kidole kimoja. Minasikia."

Trekta ilisogea kidogo, ikasimama. Goretti alipiga magoti nyuma yake, akachomeka kidole cha shahada kwenye mfereji. Kikaishia nusu. Kwao Masisi mama yake alipanda maharagwe kwa kidole: unachoma udongo mpaka kidole chote kipotee, unaangusha mbegu, unafunika. Basi akazungusha mipini kulia, akapima, akazungusha tena, mpaka kidole kikazama chote. Akainua mkono. Billow akaondoa trekta.

Jioni hiyo alikula na Jeannine. Hawakuzungumza sana, lakini walikula pamoja.

Siku zilipopita ukaanza wasiwasi. Shamba la jirani, lililopandwa baada ya lao, lilikuwa limeshaanza kuwa kijani. Lao lilibaki kahawia. Kila asubuhi Goretti alilitazama akipita, na kila asubuhi alijiambia labda ni kivuli cha miti. Jumapili hakuweza kuvumilia tena. Baada ya ibada alipanda basi la kwenda huko, Jeannine akimfuata na simu yake mkononi.

"Mum, it's just grass."

"Ni hayo majani yananirudisha nyumbani jioni."

Goretti alichuchumaa pembeni ya shamba na kitenge chake cha kanisani, akachokoa udongo kwa ufunguo wa nyumba. Chini kabisa akapata uzi mweupe uliojikunja, na ganda tupu la mbegu. Uzi ulikuwa umeanza safari ya kwenda juu, nguvu zikaishia njiani. Akachokoa pengine, ikawa vilevile. Alikaa hapo muda mrefu, mgongo ukimuuma, hata Jeannine akaacha simu na kumshika bega.

Jumatatu alimkuta Billow kwenye banda la mashine.

"Ulisema kidole."

"Eeh, kidole." Billow akalaza kidole chake juu ya kiganja. "Hivi. Unene wake, kikilala."

Goretti akasimamisha cha kwake. "Miye nilikisimamisha."

Billow alikitazama kile kidole kutoka ukucha mpaka chini. "Walahi, Mama Jeannine. Mbegu ndogo vile? Hukuipanda, uliizika. Ulisoma na dua?"

"Nilipanda kama haragwe, ndugu yangu. Na weye hukushuka kutazama."

Kicheko kikafutika usoni mwa Billow. "Sikushuka," akakubali.

"Bon. Tutamwambia Audrey namna gani?"

"Kwa Kiingereza."

Audrey aliwasikiliza wote wawili, akatembea shambani, akarudi na buti zake nzito kwa udongo. Alisema hawatafungua ardhi tena. Watamwaga mbegu mpya juu juu kwa mashine ya feni inayozirusha, kisha rola ya pete, silinda nzito ya chuma, izikandamize, kabla mvua iliyotabiriwa wiki hiyo haijafika. Halafu akamgeukia Goretti. "Zikishika, sawa. Zisiposhika, sitaweza kukuweka."

Wakamwaga mara moja kwa urefu, mara moja kwa upana, ili upepo ukiacha pengo mara ya kwanza, ya pili izibe. Rola ikafuata, nzito, ikiguna. Kwenye kona ambako haikufika, Goretti alizikanyaga mbegu kwa miguu yake, hatua juu ya hatua, magoti yakilalamika. Mvua ikanyesha. Baada ya hapo hakukuwa na la kufanya ila kungoja, na kungoja ndiko kulikomchosha kuliko rola.

Alasiri moja Audrey alimwita pembeni ya shamba. Ukisimama, ulikuwa udongo tu. Audrey akalala kifudifudi, shavu karibu na ardhi. Goretti akalala pia. Kutoka hapo chini aliyaona: manyoya membamba ya kijani, yenye mapengo mengi, na kule kwenye mawe hakuna kitu kabisa.

"Si zuri," Audrey alisema. Akainuka, akajikung'uta. "Jumatatu tuna shamba lingine. Mipini aishike Billow."

"Aishike," Goretti alijibu. Hakuwa na nguvu za kufurahi.

Ndani ya basi usingizi ulimchukua, ukampitisha Newtown. Alizinduka katikati ya jiji, chini ya yale majengo marefu, simu ikilia mfukoni.

"Where are you? Chakula kinapoa."

"Nimepita kituo. Nageuza."

"Did they sack you? Wamekufukuza?"

"Hapana," Goretti alisema, akishuka polepole kwa ajili ya magoti. "Rudisha sufuria motoni. Tutakula wote."