Sindano za Ijumaa

Mimi ndiye niliyempeleka Reino Kangas kwenye ile kliniki, kwa hiyo acha niyaseme mwenyewe kabla wengine hawajayapotosha.

Tulikuwa madereva wa malori ya magogo, tukitoka misitu ya kusini mwa Ziwa Superior, kule Marekani, kwenda kinu cha karatasi. Reino alikuwa jitu la miraba minne, mpole, akicheka mabega yanatikisika. Alipofika miaka thelathini alimuoa Marlys, binti wa mji wa Escanaba aliyefanya kazi maktaba ya mji wetu, aliyemzidi miaka miwili. Mwaka wa kwanza walijizuia kupata mtoto, kwa sababu upande mmoja wa nyumba yao ulikuwa bado hauna paa. Walisema wamalize paa kwanza.

Mwaka wa pili Reino aliumia mgongo akifunga minyororo ya mzigo. Alirudi kazini mnyonge, anasinzia kwenye usukani. Nikamwambia, "We, twende huko ninakochomwa sindano mimi. Utatoka simba."

Kliniki yenyewe ilikuwa kwenye jengo la maduka, mlango wa pili baada ya duka la viatu. Walimtoa damu, wakamwambia homoni yake ya kiume imeshuka, wakampa vichupa na sindano ajichome mwenyewe kila wiki. Hakuna aliyemuuliza kama anataka mtoto. Mimi pia sikuulizwa, ila mimi nilikuwa na mabinti wawili na mke wangu alishafunga kizazi. Kwangu hilo halikuwa na uzito.

Tukawa tunajichoma kila Ijumaa asubuhi ndani ya lori langu, kabla injini haijapata moto. Nguvu zikamrudia na kupita zile za zamani. Vichupa alivificha karakana kwake, nyuma ya makopo ya rangi.

"Marlys anajua?" nilimuuliza.

"Ajue nini? Kwamba mumewe anaongezwa uanaume kama gari linaloongezwa oili? Nyamaza tu, Wendell."

Nikanyamaza.

Paa likaisha, mtoto hakuja. Mwaka ukapita, na mwingine. Wote wakamtazama Marlys. Kanisani, wakati wa kahawa, shangazi yake Reino, bi mkubwa mmoja aitwaye Lempi, alimkatia kipande cha mkate wa iliki akasema watu wakisikia, "Kula, mwanangu, unone. Vitabu havinyonyi." Marlys alitabasamu akaenda kuosha vikombe ambavyo vilishaoshwa.

Hospitali walimpima yeye. Walimpitishia dawa kwenye mirija, wakampa vidonge vilivyomfanya alie akiendesha gari, mwishowe wakampasua tumbo kuangalia kama kuna kovu lililoziba njia. Kovu halikuwepo. Reino alimuuguza vizuri, simnyimi hilo. Alimpikia supu, akambeba hadi msalani. Lakini daktari aliposema na mume apimwe, alicheka. "Mimi? Hebu nitazame."

Kiwandani nako utani haukukosekana. "Kangas, mzinga wako una baruti kweli?"

"Muulize mkeo," alijibu Reino, na watu wakaangua kicheko. Mimi nilikuwa karibu, nikaona masikio yake yamekuwa mekundu.

Alikubali kupimwa mwaka wa tano wa ndoa, Marlys alipomwambia kwamba yeye hawekwi tena kwenye meza ya daktari mpaka mume naye aende. Wakaenda Marquette kwa daktari wa wanaume, mwanamama mmoja aitwaye Rasmussen. Majibu yakatoka: hakuna mbegu.

"Chache, au hakuna?" aliuliza Reino.

"Hakuna hata moja. Sasa tutafute sababu. Uliwahi kuugua matubwitubwi ukubwani? Kuumia huko chini? Kuna dawa yoyote unayotumia? Homoni? Sindano za kujenga misuli?"

Marlys alikuwa kando yake, mkono wake juu ya goti la mumewe.

"Hapana," Reino akasema.

"Sauna?"

"Mara nne kwa wiki. Sisi ni Wafini, daktari."

Daktari akamweleza kwamba korodani hukaa nje ya mwili kwa sababu zinataka ubaridi. Aache sauna, kile chumba cha mvuke wa moto, aache sigara, pombe apunguze, asikae saa kumi kwenye kiti bila kusimama. Mbegu huchukua kama miezi mitatu kukomaa, kwa hiyo asitegemee muujiza wa wiki moja. Na apite maabara atolewe damu. Maabara hakupita. Alimwambia Marlys foleni ilikuwa ndefu.

Jamani, yule mtu alijinyima! Aliacha sigara siku ile ile. Kila baada ya saa moja alisimamisha lori akatembea kwenye theluji. Alikula samaki na karanga mpaka akachukia harufu ya vyote viwili. Sauna yao ilijengwa na babu wa baba yake kando ya ziwa, na Jumamosi ya kwanza asiyoingia, baba yake, mzee Arvo, alitoka na taulo kiunoni akimfokea. "Babu yako alizaliwa humu ndani! Na wadogo zake wanane! Leo joto limekuwa sumu?"

"Baba, ni kwa ajili ya mjukuu wako."

"Mjukuu gani? Simuoni."

Reino aliacha kila kitu isipokuwa sindano. Siyo tu kwamba hakuiacha. Ijumaa moja nilimwona akivuta dawa mara mbili ya kawaida.

"Unafanya nini?"

"Kama kitu kimepungua huko ndani, si ndiyo nikiongeze? Akili ya kawaida tu."

Sasa nitasema lile ambalo sijalisema hadharani. Ndani ya boksi la dawa huwa kuna karatasi iliyokunjwa mara nyingi, yenye maandishi madogo. Mimi niliwahi kuisoma, siku moja nikisubiri kupakiwa mzigo. Iliandikwa kwamba dawa hii inaweza kupunguza mbegu. Nilikumbuka hayo nikimtazama akijichoma. Nikajiambia inapunguza tu, haimalizi, na daktari wake si yupo. Nikafungua dirisha, nikawasha lori.

Baada ya miezi minne walirudi Marquette. Sifuri tena. Safari hii daktari alimtoa damu mwenyewe, na majibu yalipokuwa tayari akawaita wote wawili. Haya Reino alinisimulia baadaye, akikaza macho kwenye kioo cha mbele.

"Homoni yako iko juu kuliko ya kijana wa miaka ishirini," daktari alimwambia, "na ishara ya ubongo inayoziamuru korodani zifanye kazi imezimika kabisa. Hilo hutokea mtu akichomwa homoni kutoka nje. Ubongo unaona imejaa, unafunga kiwanda, na mbegu hutengenezwa humo humo kiwandani. Bwana Kangas, nakuuliza tena. Unajichoma?"

Reino alitikisa kichwa kukubali.

"Tangu lini?" Marlys aliuliza.

"Kama miaka minne. Kila Ijumaa asubuhi."

Marlys akainua blauzi yake pale pale mbele ya daktari, akaonyesha vile vikovu vitatu chini ya kitovu. "Nilipasuliwa, Reino. Ulikaa kando ya kitanda changu ukinishika mkono. Na asubuhi hiyo ilikuwa Ijumaa."

Alihamia kwa dada yake Escanaba. Reino aliacha sindano. Daktari alimpa dawa za kuamsha korodani na akamwonya kwamba itamwia vigumu. Kweli, majira yale ya baridi alikuwa kama nyumba isiyo na moto. Mwili ulinywea, hamu ilikufa, na kuna siku nilimkuta ndani ya lori lililozimwa, mikono mapajani, theluji imefunika vioo vyote. Alikuwa hajui amekaa muda gani. Nilimpeleka kwa baba yake.

Pale jikoni alimwambia mzee ukweli wote. Arvo alisikiliza akimenya kiazi. Mwisho akasema, "Sisi tulikungoja wewe miaka sita. Mama yako walimwita tasa huku akiwahudumia kahawa. Sikwenda kupimwa hata siku moja. Niliacha abebe yeye." Akaendelea kumenya. Mama yake Reino alishakufa wakati huo, hapakuwa na wa kumwomba radhi.

Baada ya miezi tisa, mbegu zilionekana. Chache, lakini zinaogelea. Reino aliandika barua, hakupiga simu, na Marlys akarudi mwezi wa tatu, akiwa na miaka thelathini na saba. Hakusema amesamehe. Alisema bado anataka mtoto.

Mwezi wa sita akashika mimba. Reino alinipigia honi barabarani mpaka nikadhani lori lake limeshika moto. Wiki ya kumi mimba ikatoka, Jumatatu, Marlys akiwa maktaba. Daktari alisema huenda ni umri, huenda si kitu chochote, mimba nyingi hutoka hivyo. Marlys alimjibu kwamba anachokijua yeye ni kuwa alikuwa na miaka minne ya kuzaa, na hakupewa aitumie.

Hawakujaribu tena. "Sikuachi," Marlys alimwambia Reino. "Lakini mwili wangu umeshamaliza zamu yake."

Mke wangu alimpikia Marlys chakula, nikakipeleka mimi. Marlys alisimama mlangoni.

"Wendell, wewe ulijua?"

Ningeweza kusema hapana. "Nilisoma karatasi," nikasema. "Sikumwambia."

Aliirudisha sufuria mikononi mwangu, bado ya moto, akafunga mlango taratibu.

Reino na mimi bado tunapishana barabarani, na ananyoosha vidole viwili juu ya usukani kunisalimia. Marlys hanisalimii, na simlaumu.